Mwongozo wa tiba ya mazungumzo kwa mwanajeshi wa zamani anayeishi na maradhi sugu

Maswali ninayoulizwa na wanajeshi wa zamani wa Marekani wanaozungumza Kiswahili, na mara nyingi zaidi na wake, waume na watoto wao, ni yaleyale. Je, tiba ya mazungumzo si ya wenye wazimu? Itanisaidia nini ilhali kilichoharibika ni mapafu yangu? Nianzie wapi, na nitasema nini nikishaingia chumbani? Nimeona heri niyajibu kwa pamoja, hatua kwa hatua. Mimi mwenyewe nilitumikia jeshi, moyo wangu hausukumi damu inavyopaswa, na vikao hivi nilivipitia nikiwa sina imani navyo hata kidogo.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: usisubiri mwili upone ndipo uitibu nafsi. Maradhi sugu hayana siku ya kupona iliyoandikwa kwenye kalenda, na anayeisubiri siku hiyo atasubiri miaka mingi. Katika miaka hiyo sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, itamfanya asahau dawa, akose kliniki na aache kutembea, na mwili wenyewe utazidi kudhoofika.

Kabla ya yote

Ikiwa leo hii unawaza kujiua, au unahisi kwamba wenzako wangepata nafuu usipokuwepo, acha kusoma kwanza. Piga simu 988 kisha ubonyeze 1, au tuma ujumbe mfupi kwa 838255. Hiyo ni laini ya dharura ya maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, na hupokelewa usiku na mchana. Tangu tarehe 17 Januari 2023, veterani anayestahili aliye katika hatari ya kujiua anaweza kupata huduma ya dharura bila malipo katika hospitali ya Idara ya Masuala ya Maveterani (VA) au hospitali nyingine, hata kama hajajiandikisha VA, na huduma hiyo inaweza kufika siku 30 za kulazwa na siku 90 za matibabu ya kwenda na kurudi. Kama kuna bunduki nyumbani, mwombe mtu unayemwamini aitunze kwa muda, au ifungiwe mahali ambapo ufunguo wake hauko mkononi mwako. Maveterani wengi wanaojiua hutumia bunduki, na mara nyingi dakika chache za kucheleweshwa ndizo zinazomwokoa mtu.

Tiba hii ni nini

Nitasema kwa ufupi. Aina inayotumika sana ni tiba ya utambuzi na tabia, ambayo msingi wake uliwekwa na daktari Aaron Beck wa Philadelphia katika miaka ya 1960. Inashughulikia uhusiano kati ya unachowaza, unachohisi, unavyojisikia mwilini na unachotenda. Si kulala kwenye kochi na kusimulia mambo ya utotoni, wala si kuhubiriwa. Kuna aina fupi iliyoandaliwa kwa ajili ya watu kama sisi: utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanyika katika hospitali za VA za Houston na Oklahoma City kwa wagonjwa wa moyo na wa mapafu, ulitumia vikao 6 na simu 2 za kufuatilia, na dalili za sonona na za wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopata tiba hiyo.

Vitu vya kuandaa

- Orodha ya dawa zote unazotumia pamoja na dozi zake, zikiwemo za kununua bila cheti na za mitishamba.
- Majibu ya karibuni ya vipimo vya damu. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu huleta uchovu na huzuni zinazofanana kabisa na sonona, hivyo muulize daktari wako kama vimeangaliwa.
- Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu. Simu inafaa pia, lakini daftari halikuletei habari nyingine za kukusumbua.
- Karatasi ya dalili za hatari za ugonjwa wako, iliyoandikwa pamoja na daktari wa mwili. Utaihitaji katika hatua ya 5, na bila karatasi hiyo hatua ya 5 haina usalama.
- Mahali pa faragha, hasa kama utazungumza kwa simu au kwa video. Gari lililoegeshwa ni mahali pazuri kuliko sebule yenye watoto.
- Hati yako ya kuachishwa jeshi, DD-214, ikiwa bado hujajiandikisha VA.

Hatua zenyewe

1. Anzia kwa daktari wako wa kawaida. Huna haja ya kutafuta kwanza daktari wa akili. Kliniki nyingi za VA zina washauri wa afya ya akili wanaofanya kazi bega kwa bega na daktari wa kliniki ya kawaida, na mara nyingine unaweza kumwona mmoja wao siku hiyohiyo. Sema waziwazi: "Tangu niambiwe nina ugonjwa huu sipati usingizi, sina hamu ya kitu, na hofu hainiachi. Naomba kuonana na mtu wa tiba ya mazungumzo." Usiseme "nimechoka tu", kwa maana mgonjwa wa moyo akisema amechoka ataongezewa kipimo cha moyo, na mazungumzo yataishia hapo. Kama hutaki kupitia hospitali, kuna vituo vinavyoitwa Vet Center, vilivyoanza mwaka 1979, ambavyo huwahudumia bure wanaostahili, wakiwemo waliotumikia maeneo ya vita. Havidai uwe umejiandikisha katika huduma za afya za VA, na kumbukumbu zake hutunzwa mbali na faili lako la hospitali.

2. Jaza fomu kwa ukweli. Utapewa fomu mbili fupi. PHQ-9 ina maswali 9 ya sonona na alama zake huishia 27. GAD-7 ina maswali 7 ya wasiwasi na alama zake huishia 21. Zote huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Katika kila moja, alama 10 na kuendelea huonyesha hali ya wastani inayohitaji kuangaliwa kwa makini, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo hali inavyokuwa nzito. Kosa ninaloliona kila mara ni mgonjwa kujipunguzia alama akisema, "Usingizi sipati kwa sababu ya kikohozi, kwa hiyo hili halihesabiki." Jibu unavyojisikia, kisha eleza kwa mdomo, kazi ya kutenganisha kinachotokana na mapafu na kinachotokana na nafsi ni ya mtaalamu. Swali la 9 huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Lijibu hilo kwa ukweli kuliko yote. Kukiri wazo hilo kwa kawaida hufuatwa na maswali zaidi na mpango wa usalama, si kufungiwa wodini.

3. Katika kikao cha kwanza, uliza kuhusu siri na uchague lengo moja. Muulize mshauri ni nani atakayesoma anayoyaandika, na ni wakati gani atalazimika kuvunja siri. Kwa kawaida ni pale maisha yako au ya mwingine yanapokuwa hatarini, au mtoto au mzee anapodhulumiwa. Wengi huniuliza kwa sauti ya chini kama kwenda kwa mshauri kutawapokonya haki ya kumiliki bunduki. Chini ya sheria ya serikali kuu, kwenda kwa hiari kwenye ushauri hakukuondolei haki hiyo. Sheria za majimbo hutofautiana, basi ulizia za kwako. Baada ya hapo chagua lengo linaloonekana kwa macho. "Nataka kuwa na furaha" hakupimiki. "Nataka kurudi kukaa mezani na wanangu wakati wa chakula cha jioni badala ya kubaki chumbani" kunapimika, na baada ya wiki sita utajua kama umefika.

4. Andika daftari kila siku, mistari mitano tu. Kilichotokea, nilichowaza, nilichohisi, mwili ulivyokuwa, nilichofanya. Huu hapa ukurasa mmoja wa daftari langu la zamani. Kilichotokea: nilipanda ngazi, nikaishiwa pumzi nikiwa nimebakiza vidato vitatu. Nilichowaza: leo ndiyo leo, nitafia hapa na mke wangu atanikuta. Nilichohisi: hofu, tisa kwa kumi. Mwili: moyo ulikimbia, vidole viliingia ganzi, pumzi fupifupi. Nilichofanya: nilikaa chini, nikamwita mke wangu, na tangu siku hiyo nililala kwenye kochi la chini. Soma tena mstari wa mwisho. Ugonjwa ulininyang'anya pumzi kwa dakika mbili. Hofu ilininyang'anya chumba changu cha kulala kwa miezi minne. Mistari hii mitano ndiyo inayompa mshauri mahali pa kushika, na asiyeiandika hujikuta kila kikao anasimulia wiki nzima bila kufika popote.

5. Jifunze kutofautisha hofu na hatari, ukiwa na karatasi ya daktari mkononi. Hapa ndipo sisi wenye maradhi sugu tunapotofautiana na wengine, na ndipo mshauri asiye na uzoefu anapoweza kukosea. Mtu mwenye moyo mzima anaweza kuambiwa kwamba mapigo ya kasi ni wasiwasi tu. Wewe huwezi kuambiwa hivyo kabla daktari wako hajakuandikia mipaka. Maumivu ya kifua yasiyoisha, kuishiwa pumzi kusikotulia hata baada ya kupumzika na kutumia dawa ya kuvuta, midomo kugeuka rangi, kuchanganyikiwa au kuzimia: piga 911, na usihesabu pumzi kwanza. Kwa mgonjwa wa moyo, uzito ukiongezeka ratili 2 hadi 3 kwa siku moja au 5 kwa wiki, mpigie daktari, kwa kuwa ni maji yanayojikusanya mwilini. Kumbuka pia kwamba dawa nyingine huiga wasiwasi. Albuterol, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, huukimbiza moyo na kuitetemesha mikono, na vidonge vya prednisone vinaweza kukuondolea usingizi na kukugeuza tabia.

   Dalili zisipokuwa kwenye karatasi ya hatari, ndipo unapotumia zoezi hili. Kaa, uinamie mbele kidogo, na viwiko juu ya magoti. Vuta hewa puani ukihesabu moja, mbili. Itoe taratibu kupitia midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza chai ya moto, ukihesabu moja hadi nne. Usiilazimishe hewa kutoka. Fanya zoezi hili mara mbili kwa siku ukiwa umetulia, maana anayelijaribu kwa mara ya kwanza katikati ya hofu huona halifanyi kazi na kulitupa.

6. Rudisha shughuli kwa kipimo cha muda. Sonona hukwambia usubiri hamu ije ndipo ufanye. Mpangilio wenyewe huenda kinyume: hamu huja nyuma ya kitendo. Chagua jambo moja dogo lenye maana kwako na ulipangie siku na saa. Mimi nilianza na kwenda kwenye sanduku la barua na kurudi, saa nne asubuhi, baada ya dawa kushika.

   Tahadhari ya hatua hii ni kubwa, na inatuhusu sisi wanajeshi zaidi ya watu wengine. Tulifundishwa kusukuma mpaka kazi iishe. Siku mwili unapokuwa mwepesi tunafyeka nyasi zote, tunaosha gari na kupanga gereji, kisha tunalala siku tatu tukijiona hatufai. Badala ya kusema "nitamaliza nyasi", sema "nitafyeka dakika 10 kisha nipumzike 10", na simama saa ikilia hata kama bado una nguvu. Ukishakizoea kipimo hicho kwa wiki nzima, ongeza dakika mbili au tatu. Ulizia pia programu za mazoezi ya wagonjwa wa moyo au wa mapafu. Humo utatembea ukiwa chini ya macho ya wataalamu, na hofu ya kutembea itapungua kwa haraka zaidi.

7. Yahoji mawazo bila kujidanganya. Watu huogopa kwamba wataambiwa wawe na mawazo mazuri. Mshauri mzuri hatakwambia hivyo. Chukua wazo moja kutoka daftarini na ulipange katika mafungu mawili. La kwanza ni mawazo yaliyotiwa chumvi, kama "mimi ni mzigo tu nyumbani." Hapo uliza: ushahidi wa kuunga mkono ni upi, wa kupinga ni upi, na ningemwambia nini mwenzangu wa kikosi akiniambia maneno haya? La pili ni mawazo ya kweli, kama "mapafu haya hayatarudi yalivyokuwa." Hilo usilibishie. Uliza badala yake: katika lililobaki, ni lipi ninaloweza kulifanya wiki hii? Wakati mwingine jibu ni kutatua tatizo, kwa mfano kuhamishia vitu vinavyotumika kila siku kwenye rafu ya chini. Wakati mwingine jibu ni kuomboleza, na kikao ni mahali halali pa kulia. Kuna kiburi cha kijeshi kinachozuia machozi hayo, na nakuomba ukiache mlangoni.

8. Mwalike mtu wa nyumbani angalau mara moja. Upendo wa jamaa mara nyingi ndio unaotufunga. Mke anayekupokonya ufagio kwa huruma anakuongezea sonona bila kujua. Mshauri anaweza kumweleza ni yapi akuachie uyafanye mwenyewe. Lakini usimtumie mwanao kama mkalimani. Kuna mambo hutayasema mbele yake, na yeye atayageuza mengine ili yasimuumize. Ulizia mkalimani mapema unapopanga miadi.

9. Panga suala la dawa pamoja na vikao. Dawa za sonona na tiba ya mazungumzo huenda pamoja bila ugomvi, na kwa wenye sonona nzito mara nyingi zote mbili zinahitajika. Usiziache ghafla ukijiona nafuu. Dawa za kutuliza za kundi la Xanax na Valium zinaweza kuipunguza nguvu pumzi ya mgonjwa wa mapafu, na zikichanganywa na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni au na pombe zinaweza kuua. Mmea wa St. John's wort, unaouzwa kama dawa ya asili ya huzuni, huvuruga dawa za moyo kama warfarin na digoxin.

10. Pima tena. Rudia fomu zilezile kila baada ya wiki chache. Kushuka kwa alama 5 kwenye PHQ-9 ni badiliko lenye maana, hata kama wewe mwenyewe hulioni. Kabla vikao havijaisha, andika na mshauri ukurasa mmoja: dalili zangu za mwanzo za kurudi nyuma ni zipi, nitafanya nini, nitampigia nani. Ubandike mahali unapoweka dawa.

Mambo yakikwama

*Baada ya vikao viwili najisikia vibaya zaidi.* Hutokea, kwa sababu umefungua mambo uliyoyafunika muda mrefu. Mwambie mshauri apunguze mwendo. Likija wazo la kujidhuru, rudi kwenye namba zilizoko juu.

*Sifanyi kazi ya nyumbani.* Ilikuwa kubwa mno. Iombe igawanywe mara mbili, na kama ni lazima igawanywe tena. Usikae nyumbani kwa aibu ya daftari tupu. Nenda nalo hivyohivyo, kwa kuwa sababu ya utupu huo ni mada nzuri ya kikao.

*Nimelazwa hospitali, au sina nguvu ya kusafiri.* Omba vikao kwa simu au kwa VA Video Connect, huduma ya VA ya kuonana kwa video. Piga simu siku hiyohiyo usiyoweza kufika, la sivyo wengine hupotea hapo na kurudi baada ya mwaka. Ikiwa una hewa ya mtungi, angalia kiasi kilichobaki kabla ya kuondoka nyumbani, maana mtu anayehesabu hewa iliyobaki hasikilizi chochote.

*Dawa za asubuhi zinanifanya nisinzie kikaoni.* Badilisha saa ya kikao, na saa ya dawa uibadilishe kwa idhini ya daktari tu. Wanaotumia dawa za kukojoza waombe saa za alasiri.

*Ndoto za vita zinanirudia kila usiku, na nashtuka kwa sauti yoyote.* Huenda lililopo ni msongo unaofuata tukio la kutisha, na wasiwasi wa maradhi umelifunika. Limwambie mshauri, kwani lina tiba zake zilizopangwa vingine, na tiba fupi ya vikao sita haikuundwa kwa ajili hiyo.

*Vikao sita vimekwisha na alama hazijasogea.* Usihitimishe kwamba wewe ndiwe usiyetibika. Yaangalieni pamoja mambo manne: je, usingizi umechunguzwa, hasa kukatika kwa pumzi usiku? Je, pombe imetajwa kwa kiasi chake cha kweli? Je, maumivu yametibiwa? Je, ipo dawa mpya iliyoanza katika kipindi hicho? Kisha uliza kuhusu vikao zaidi, au aina nyingine ya tiba ya mazungumzo, kama ile ya kukubali hali na kuishi kwa unayoyathamini, ambayo wengi wenye maumivu sugu huipenda.

*Mshauri wangu haelewi jeshi.* Mpe vikao viwili, umfundishe maneno machache, na umweleze kazi uliyokuwa ukiifanya. Asipojitahidi kuelewa, omba mwingine. Ni haki yako, na haikuwekei alama mbaya popote. Mshauri wangu wa kwanza, katika kliniki ambayo sitaitaja, aliniuliza mara tatu nilikuwa na cheo gani na kila mara akasahau. Niliacha kwenda, nikapoteza miezi minane, wakati ombi la kubadilishiwa mshauri lingenichukua simu moja.